Kidole cha Mama Athanasie

Mama Athanasie aliingia ofisini na kiatu kimoja. Cha pili, alisema, kilibaki kambini Kanyaruchinya kwenye mawe, pale alipoanza kukimbia. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mhamishwa wa vita kutoka Rutshuru, na kwa mwaka mzima ndiye aliyewasemea wenzake wa kambini mbele ya kila mgeni mwenye gari na kalamu. Jumatano ile hakuwa na wa kumsemea yeye.

"Keti, mama," alisema Léonie.

"Siketi. Andika kwanza. Andika kama Athanasie hakuuza batu bake ba kambini."

Léonie Mulumeoderhwa, afisa wa upelelezi, OPJ kama Goma nzima inavyosema, alivuta karatasi. Alikuwa na mwandiko safi ambao hata majaji waliusifu. Wenzake walimletea ripoti zao awaandikie upya, naye, kwa kujisikia kidogo, hakuwahi kukataa.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Siku nchi nzima ilipopiga kura, Rutshuru haikupiga, sababu ni vita. Tangu hapo viti vyake bungeni vilikaa vitupu, na hakuna aliyetaja tarehe. Sasa kamati ya wabunge ilikuwa imetoka Kinshasa kupokea maoni ya raia juu ya kurekebisha sheria ya uchaguzi. Watu wa Rutshuru walioko Kanyaruchinya wakaandaa ombi lao, wakalitia alama za vidole elfu kumi na moja. Walichotaka ni hiki: ikiwa eneo limeshindwa kupiga kura kwa ajili ya vita, watu wake wapigie kule walikokimbilia, ndani ya miezi mitatu, na kura zao zihesabiwe kwa viti vya kwao. Wazo hilo halikuwa geni kwa Léonie. Mumewe Modeste, mwanasheria, alikuwa akilisema mezani na kwenye semina zake mpaka watoto wakalishika.

Sanduku la vidole lilifika kwa kamati Jumatatu. Jumatano asubuhi redio ikasoma muhtasari wa maombi yote, na lo! Eti wahamishwa wa Kanyaruchinya wanaomba viti vya Rutshuru vijazwe bila kura yoyote, kwa kuteuliwa na baraza la wazee mashuhuri, mpaka amani irudi.

"Banasikia redio, banakuya kwangu," alisema Mama Athanasie. "Banapasua bache yangu yote, turubai ya nyumba. Uwamariya, mwenye nilimuzalisha na hii mikono, njo alitupa jiwe ya kwanza. Banasema niliuza bidole byabo."

"Na kidole kilicho chini ya karatasi ya kwanza ni cha nani?"

"Ni yangu. Kidole ni yangu, maneno haiko yangu."

"Unasoma Kifaransa?"

"Niliishia mwaka ya tatu. Najua kusoma jina yangu, basi."

"Nani aliwasomea?"

"Katekista Védaste. Siku ya Mungu, kisha ya misa, mbele ya batu yote. Alisoma bizuri, mama. Kura ikuwe kambini, miezi tatu, viti vya kwetu. Tulipiga makofi. Miye nikatia kidole ya kwanza." Akauangalia mguu wake usio na kiatu. "Karatasi ilichapwa Birere kwa Gisubizo. Huko njo banaibadilisha, najua."

Léonie alimweleza wazi. Ijumaa saa sita mchana kamati inafunga mafaili na kurudi Kinshasa. Kitakachokuwa kwenye faili saa hiyo ndicho kitakachoitwa sauti ya watu wake.

"Na miye nitarudia wapi?" aliuliza Mama Athanasie. "Rutshuru kuna vita. Kanyaruchinya kuna mawe ya Uwamariya."

Léonie aliinuka. Alimwonyesha benchi la korido, akamwagizia chai, akaenda hotelini kwenye kamati kuazima ile karatasi ya kwanza kwa sahihi.

Ilikuwa ukurasa mmoja wa Kifaransa kizuri, na maneno yalikuwa yaleyale ya redioni. Chini kabisa kilikaa kidole cha zambarau, kikubwa, kimepanda juu ya mistari miwili ya mwisho. Wino ule uliopanda juu ya maneno ulimvutia. Ama karatasi ilibadilishwa baadaye na kidole kikaghushiwa, ama mama wa watu alitia kidole kwenye karatasi tupu, maneno yakachapwa juu yake. Kwa vyovyote, mashine ya Gisubizo ilikuwa na la kusema.

Birere, mtaa wa biashara, mchana haina nafasi hata ya kugeuza toroli. Duka la Gisubizo lilibanwa kati ya muuza chupa za chai na fundi wa simu, na jenereta lilikuwa likinguruma mlangoni. Mwenyewe, mwanaume mwembamba wa miaka thelathini, alipoona kitambulisho alianza kujitetea kabla ya kuulizwa.

"Mama OPJ, miye nachapaka tu. Kusoma ni kazi ya mwenye karatasi."

"Nipe karatasi nyeupe na wino wako."

Léonie akatia kidole chake mwenyewe kwenye karatasi tupu, akasubiri kikauke. "Sasa chapa juu yake."

"Nichape nini?"

"Chochote."

Gisubizo akachapa mwaliko wa harusi ya mteja. Léonie akaweka karatasi mbili sambamba, akatoa kioo chake cha kukuzia. Kwenye mwaliko, herufi nyeusi zilikuwa zimekaa juu ya zambarau, safi, ziking'aa. Kwenye ombi mambo yalikuwa kinyume: zambarau ndiyo iliyokuwa juu, imezifunika herufi na kuua mng'ao wake. Mistari ya kidole ilikuwa kamili, haijakwaruzwa wala kuchorwa. Alirudia mara tatu, kwa sababu jibu halikumpendeza.

"Njo kusema nini?" aliuliza Gisubizo.

"Kusema maneno yalitangulia, kidole kikafuata. Hakuna aliyebadilisha kitu."

"Basi miye niko mweupe."

"Wewe ndiyo. Yule mama ndiye amezidi kuharibikiwa. Faili bado unalo?"

Lilikuwemo kwenye mashine. Liliingizwa Jumamosi saa kumi jioni, karibu wiki tatu nyuma, siku moja kabla ya kusomwa kambini.

"Nani alileta?"

"Papa moja wa miwani. Alisema ni ya bakristu ba Kanyaruchinya, niitoe propre, safi kabisa, ba depite ba Kinshasa batasoma."

"Sura yake?"

"Mama, hapa banapita batu mia kwa siku. Nakumbuka miwani."

Jioni ile Léonie alimsimulia mumewe kidogo, kama walivyozoea. Modeste aliguna na kusema makatekista wa kambini wananunulika rahisi, amwangalie huyo msomaji kwanza. Léonie mwenyewe alikuwa amefikia hapohapo. Nani wa Kanyaruchinya, mkristo, anayeshika karatasi, kama si katekista?

Na kweli, Alhamisi asubuhi alipomkuta Védaste nje ya kanisa la turubai, alikuwa amevaa miwani. Alikuwa mtu mzima, mpole, shati limepigwa pasi hata pale kwenye mawe. Watu walikuwa wakipita mbali naye. Léonie alimwingiza ndani, wakaketi kwenye benchi la ubao.

"Jumamosi kabla ya kusoma ombi, saa kumi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nazika. Muzee wa bloki ya saba. Uliza bloki yote, tulikuwa batu karibu makumi ine."

Aliuliza. Waliokuwa wakimkwepa katekista walikiri kwa shingo upande kwamba ndiyo, alizika, na alikaa matangani mpaka magharibi. Léonie alirudi kwenye benchi, akamwekea ombi magotini.

"Hii ndiyo uliyosoma?"

"Njo yenyewe."

"Nisomee."

Védaste alisukuma miwani, akasoma kwa sauti ya misa, bila kukwama, kila neno la Kifaransa mahali pake. Alifika kwenye mstari unaosema viti vijazwe kwa kuteuliwa, akaupita salama kama alivyoipita mingine.

"Umesoma nini hapo?"

Katekista aliurudia mstari kwa macho. Jasho likamtoka puani.

"Papa Védaste, nakuuliza maana yake."

"Mama, nisamehe. Kifaransa yangu ni ya mudomo tu." Alivua miwani. "Lakini miye siku ile sikusoma hii. Barua zinakuyaka mbili. Hata ya askofu ni vile: moja ya Kifaransa yenye muhuri, ile tunainua juu batu baone; na moja ya Kiswahili, ile njo tunasoma. Nikainua hii, nikasoma ile ingine."

"Ya Kiswahili ulipewa na nani?"

"Na yule mètre, avoka, wakili mwenye anatusaidiaka bure. Alileta zote mbili Jumamosi mangaribi. Akasema nikimaliza kusoma, ile ya Kiswahili niichome, isichanganye ba depite."

"Ukaichoma?"

"Maneno mazuri vile? Iko mu kitabu ya nyimbo."

Akaenda kuileta. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Léonie aliikunjua kwenye mwanga wa mlango, akarudi kuketi nayo benchini. Mwandiko ulikuwa wake. Kila herufi, hata ile k yenye mkia aliyofundishwa na masista wa Bukavu. Ni mahali pamoja tu, palipoandikwa "Rutshuru", ambapo wino ulikuwa tofauti na mkono ulikuwa wa mtu mwingine, na mkono huo pia aliujua. Ndio uliosaini cheti chao cha ndoa.

Alikumbuka yote. Miezi miwili nyuma, baada ya chakula, Modeste alikuwa akizunguka meza na karatasi ya Kifaransa mkononi, akitafsiri kwa sauti, naye akiandika. "Andika weye, mwandiko wako unasomeka. Ni mfano tu wa semina, wafundishwe namna ya kuandika ombi. Jina la eneo liache wazi." Alikuwa hata amemsahihishia sentensi mbili. Alikuwa amejivuna juu yake usiku ule, Mungu wangu, alijivuna kwamba ameolewa na mtu anayewafikiria wengine.

"Mama OPJ, kuna nini?"

"Nakuachia hati kwamba nimechukua hii karatasi," alisema, akaandika palepale gotini mistari miwili na kusaini.

Védaste aliipokea hati. Aliisoma, akaiangalia barua mkononi mwa Léonie, akairudia hati yake. Kifaransa kilimshinda, lakini macho yalikuwa mazima.

"Mama," alisema polepole, "inafanana."

"Ndiyo, Papa. Inafanana."

Akaitia barua mfukoni, akatoka.

Modeste alikuwa nyumbani, anakula. Wali na samaki, sahani ya pili imefunikwa ikimngoja mke. Léonie aliweka karatasi pembeni ya sahani.

"Hii nini, Modeste?"

Aliitambua mara moja. Aliweka kijiko chini, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati.

"Nilimwambia aichome."

"Kwa hiyo ni kweli. Ya Kifaransa uliyoshika mkononi ilikuwa inasema kingine."

"Keti, Léo."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Batu bale batangoja mpaka lini? Kura kambini haitapita Kinshasa, hata baandike mara kumi. Hii ya kuteua itapita. Batapata mutu wa kubasemea sasa hivi, haiko kisha ya miaka tano. Nilibatafutia njia."

"Mutu gani? Yule muzee wako?"

Yule mzee alikuwa mbunge wa zamani wa Rutshuru, aliyebaki bila kiti baada ya kura kushindikana. Modeste alikuwa akimbebea mafaili kwa miaka minne.

"Iko na uzoefu," alisema Modeste.

"Na akiteuliwa, weye utakuwa nani?"

"Direktere wa kabine, mukubwa wa ofisi yake." Alilisema bila kuinamisha macho, na hilo lilimchoma Léonie zaidi ya cheo chenyewe. "Nilifanya hesabu ya wote, Léo. Hata yetu."

"Jana uliniambia nimuangalie katekista."

Modeste alivaa tena miwani yake.

"Jambo moja sielewi. Ofisini uko na sekretari, na weye mwenyewe uko na mikono mbili. Juu ya nini mukono yangu?"

Modeste alisukuma sahani pembeni. Kisha, kwa sauti ya chini, kwa upole hata, akamwambia.

"Juu weye ni OPJ. Kama siku moja kitu hii ingefika kwa polisi, ingepita kwako. Na ungeona mwandiko, ungefunga dosye, faili yote."

Miaka kumi na minne ya ndoa. Léonie aliwahi kufikiwa na maneno mabaya, ya wezi na ya wakubwa wa kazi, lakini hili lilimkata maini. Kudanganywa angeweza kukumeza siku moja. Huyu alikuwa amekaa, akamwangalia akiandika kwa furaha, na tayari alishajua atakavyonyamaza.

"Ulinipigia hesabu."

"Nilikuamini," alisema Modeste. "Kama bibi yangu. Na bado nakuamini."

Léonie alichukua karatasi, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akatoka. Chakula chake kilibaki kimefunikwa.

Kamanda Magloire, mkuu wake, aliisoma PV, taarifa ya upelelezi, hadi mwisho, akaanza upya. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko ule mzuri, na shahidi wa kwanza alikuwa mwandishi wake. Léonie alikuwa ameambatanisha jaribio la Birere, tarehe ya faili, maneno ya katekista na ile karatasi ya Kiswahili.

"Unajua nikitia muhuri, unatoka kwenye dosye?"

"Najua, kamanda."

"Na bwana yako analala hapa leo."

"Najua."

"Na mwendesha mashtaka atauliza: huyu mwanamke, usiku anaandika, asubuhi anapeleleza? Watakusimamisha kazi, Léonie. Karatasi hii moja ukiitoa, hakuna hata mmoja atakayejua."

"Katekista anajua," alisema. "Na mimi."

Magloire alipumua, akatia muhuri.

Ijumaa saa nne, Mama Athanasie, Védaste na Léonie walisimama mbele ya kamati kwenye ukumbi wa hoteli. Mwenyekiti alizisoma karatasi mbili, ya Kifaransa na ya Kiswahili, akatikisa kichwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa fupi. Ombi limepatikana kwa udanganyifu, linaondolewa. Mama huyu hana kosa, iandikwe hivyo na redio itangaze.

"Na vidole vyetu?" aliuliza Mama Athanasie. "Elfu kumi na moja. Vihamisheni kwa ile karatasi ya kweli."

"Mama, vidole vinafuata maneno ambayo vilitiwa chini yake. Mkileta ombi jipya na vidole vipya kabla ya saa sita, tunapokea."

Zilikuwa zimebaki saa mbili. Kukusanya vile kulikuwa kumechukua Jumapili tatu. Karani alifungua orodha ya maombi, akafika mstari wa Kanyaruchinya, akaukata kwa rula. Mbele yake na nyuma yake kulikuwa na maombi ya wengine, ya watu waliokuwa na mengi ya kusema juu ya lini Rutshuru ipige kura na vipi. Watu wa Rutshuru wenyewe hawakuwemo.

Mchana huo Léonie aliwasindikiza hadi Kanyaruchinya, ingawa hakuna aliyemwagiza. Redio ilikuwa imetangaza, na watu walikuwa wamekusanyika kwenye kibanda cha Mama Athanasie kilichopasuliwa, Uwamariya akiwa mbele, macho chini. Léonie alipanda juu ya jiwe ili aonekane. Aliwaambia wazi: Mama Athanasie hakuuza mtu. Aliyewauza ni Mètre Modeste, naye yuko mahabusu. Modeste ni mume wangu. Na ile barua nzuri mliyopigia makofi, mkono ulioiandika ni huu.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga kelele. Waliuangalia mkono, wakamwangalia yeye, kisha mmoja mmoja wakaanza kuondoka. Uwamariya alimsogelea Athanasie, akataka kumshika, Athanasie akarudi nyuma hatua moja.

"Bache ni ya kushona," Athanasie alimwambia tu. Halafu akamgeukia Léonie.

"Mama OPJ, nikuulize. Siku uliandika, ile ya Kifaransa uliisoma?"

"Hapana, mama. Yeye ndiye alikuwa anasoma. Mimi niliandika alichosema."

"Na Kifaransa unajua."

"Najua."

"Juu ya nini haukuisoma?"

Léonie alitafuta neno lingine na hakulipata. "Juu alikuwa bwana yangu."

Mama Athanasie alitikisa kichwa, bila hasira.

"Basi na weye ulitia kidole," alisema.

Akainama, akainua kipande cha turubai kilichobaki mlangoni, akaingia. Huko Kanyaruchinya hata mwenye jiwe moja la kukalia humwambia mgeni karibu. Léonie alingoja pale nje kwa muda, lakini hakuambiwa.